TAHADHARI: "GTX 1050 Ti" za bei ya mteremko zinazozungushwa Malindi ni bandia

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu na Mambrui, hasa nyinyi mnaojiundia kompyuta za mezani wenyewe: kuna jamaa anazungusha kadi za picha (kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za skrini) kwenye magrupu ya WhatsApp. Anaziita GTX 1050 Ti, 4GB, "boksi halijafunguliwa". Mimi kanila 11,000. Jina lake silitaji kwa sababu nimeshaandikisha taarifa polisi.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Laptopu ilikuwa inakata roho kila nikiunganisha kamera mbili, nikaamua kujiundia mashine polepole: mwezi huu kasha na pawa saplai, mwezi ujao ubao mama, kisha prosesa na RAM. Ami yangu akaniuliza kwa nini nisinunue tu zile kompyuta za mtumba za ex-UK zilizojaa madukani. Nikamwambia nyingi pawa saplai yake ni ndogo na ina umbo lake peke yake, siku ukitaka kuongeza kitu umekwama. Akanyamaza. Sasa kila akipita dirishani huuliza, "Ile ngalawa yako imepata tanga?"

Kadi ilikuja kwa matatu kutoka Mombasa, nikaipokea stejini ikiwa nimeshalipa. Boksi zuri, plastiki haijaguswa. Jamaa akanitumia na draiva (programu ya kuiendesha kadi) yake mwenyewe kwa WhatsApp, "iko sawa kuliko ya mtandaoni". Nikaiweka, Windows ikaandika jina vilevile, 1050 Ti, 4GB. Nikamshukuru hata. Video ya kwanza nzito niliyoifungua ikajaa miraba ya kijani na zambarau, bibi harusi haonekani uso. Nikaifuta ile draiva, nikaweka ya Nvidia wenyewe, wenye chipu za GTX, skrini ikawa giza tupu. Nikampigia. "Kaka, huo ni umeme wenu wa Malindi, unapanda na kushuka. Nunua stabilaiza." Nami kwa ujinga wangu nikanunua!

Kilichonifumbua macho ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z, inayokuonyesha kadi ni ya aina gani. Jina la kadi likatokea limetanguliwa na neno FAKE. Nikatoa feni kwa bisibisi, nikapangusa ile dawa ya kijivu iliyokauka juu ya chipu, na maandishi yakajitokeza: GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti ya mwaka 2011. 1050 Ti halisi ilitoka 2016, chipu yake ni GP107, ina kori (vitengo vya kukokotoa) 768. Hii yangu ina 192. Wanachofanya ni kuiandika upya BIOS, yaani programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, ya kadi kuukuu ijitaje kwa jina la mdogo wake, na idai kumbukumbu ya 4GB wakati ndani ipo 1GB. Ndiyo maana kazi ndogo inapita, ukiijaza tu inachanganyikiwa.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwa nje, inaniangalia. Kadi ilikuwa na tundu la buluu la VGA, lile la zamani la kuchomeka waya wa skrini. Kizazi cha GTX 10 hakitoi VGA. Ukiliona tundu hilo kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, irudishe mkononi mwa muuzaji. Yangu pia ilidai waya wa umeme wa pini 6. Hilo peke yake si ushahidi, maana baadhi ya zile za kweli nazo zina pini hizo, lakini nyingi hunywa umeme wote kutoka kwenye ubao, wati 75 basi. Nadhani ndiyo sababu wameichagua hii kuighushi: wanaitafuta wenye ex-UK, wasio na waya wa ziada.

Pesa nimezifuatilia. Nilituma ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe, lakini nilikuwa nimeshapoteza wiki mbili na stabilaiza yangu, na akaunti yake ilikuwa nyeupe kitambo. Kisha akaniblokia. Juzi nikaona picha ya boksi lilelile, hata ule mkwaruzo wa pembeni, kwenye grupu lingine kwa namba nyingine.

Kwa hiyo ukitaka kununua kwa mtu, usitume pesa kabla. Mkutane penye umeme, kadi iingizwe kwenye mashine, GPU-Z ifunguliwe mbele yenu wote wawili, na draiva iwe ya kutoka kwa Nvidia, si ya kutumiwa. Akikwambia ana haraka, mwache aende zake.

Mashine yangu imebaki na kila kitu isipokuwa kadi, na harusi mbili zinanisubiri kabla ya mwezi kuandama. Mwenye 1050 Ti ya kweli anitafute. Nitakuja mchana, na kasha zima nitalibeba begani.