Tahadhari: Mpimaji wa "Sumu za Mwili" Aliyeweka Hema Mwembe Tayari

Ndugu zangu wa Mombasa, ninaandika haya kwa hasira na fedheha, kwa kuwa mtu aliyetutoza shilingi 8,500 angali anapokea wateja hemani mwake, nayo hali ya mama, mgonjwa wa kisukari, mnaijua.

Alimshikisha mama kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, akaingiza umri na uzito wake, na punde mashine ikatoa kurasa zilizojaa alama nyekundu. Akatwambia kwamba radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoharibu seli, zimemshambulia na kwamba mkazo wa oksidishaji umefika pabaya. Kisha akatia matone ya iodini katika bilauri ya maji, yakawa ya kahawia, akasema, "Hii ndiyo damu yako, bi mkubwa." Akanyunyiza unga wa tembe anazouza, akakoroga taratibu, na maji yakatakata mbele ya macho yetu. Nani asingeamini? Alivaa koti jeupe, alimwamkia mama kwa adabu, na hakutaja bei mpaka alipoulizwa. Isitoshe, jambo lenyewe si la kubuni: mkazo huo hutokea radikali huru zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, na huandamana na kisukari.

Jirani yetu, mwalimu wa kemia, ndiye aliyeifumbua ile bilauri. Vitamini C, kama ile ya unga wa tembe zake, huigeuza iodini kuwa iodidi, ambayo haina rangi. Hata maji ya ndimu yangefanya hivyo. Watafiti wanaopima mkazo huu huchukua damu au mkojo na kutafuta, kwa mitambo ya maabara, mabaki ya mafuta yaliyoharibika, kama vile malondialdehaidi na isoprosteni. Hayo hayaonekani kwa kushika chuma kiganjani.

Mtu huyu akamatwe, ashtakiwe, arudishe kila senti, na mashine yake ipondwe hadharani! Bodi ya Dawa na Sumu izichukue tembe zake leo, maana alithubutu kumwambia mama apunguze metfomini, dawa yake ya kisukari, na kwa hilo pekee anastahili jela.

Mkitaka kumtambua, hatoi risiti, malipo ya M-Pesa huenda kwa nambari yake binafsi, na chupa zake hazina nambari ya usajili. Halafu yasomeni majibu ya mashine yake hadi mwisho: mama, aliyetuzaa sote, amepewa ukurasa mzima kuhusu tezi dume yake, ambayo kwa mujibu wa mashine ni nzima kabisa.