Uzoefu wangu na Living with the Land, EPCOT: acha matunda, tazama mizizi na mirija

Wengi wanaoingia jengo la The Land pale EPCOT, bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, wamefuata Soarin', mchezo wa kuigiza kuruka angani. Safari ya mashua ya Living with the Land, iliyomo humohumo, wanaichukulia kama mahali pa kupumzisha miguu. Mimi kwa upande wa elimu naipa nafasi ya kwanza katika bustani nzima, ila kwa sharti la kutumia macho kuliko masikio. Tangu 2006, waongozaji waliokuwa wakizungumza ndani ya mashua walipoondolewa, maelezo ni sauti iliyorekodiwa. Sauti hiyo hutaja mambo makubwa tu, nayo mashua haisimami kukungoja uelewe.

Safari nzima ni kama dakika 14. Mwanzo ni gizani: dhoruba, msitu wa mvua, jangwa, mbuga za Marekani, nyumba ya mkulima. Sanamu zimetengenezwa vizuri, lakini hapo pumzika tu. Kazi inaanza mashua ikiingia kwenye vitalu nyumba, ambako mimea ni hai na inavunwa kweli. Sehemu ya mavuno huishia kwenye migahawa ya jengo hilohilo.

Kitalu cha kwanza ni cha mazao ya joto. Sisi tuliozoea mgomba na mpapai tunaweza kuona hakuna jipya. Basi shusha macho hadi shina linapoingia ardhini. Ule si udongo, ni mchanga, na mchanga mtupu haulishi mmea. Unashika mizizi tu. Chakula kinakuja kimeyeyushwa ndani ya maji, kupitia mirija myembamba ya matone. Hapo ndipo penye somo kwa anayetaka kujaribu nyumbani, kwa sababu mfumo wa matone hufa kwa kuziba. Chumvi za mbolea zikikauka kwenye tundu huacha ukoko mweupe, mche mmoja unanyauka huku jirani zake wakistawi, na mkulima anadhani ni ugonjwa. Chujio kabla ya mirija, na kusafisha laini kwa maji matupu mara kwa mara, huokoa mengi.

Kwenye mkakao na mfenesi, usitafute matunda kwenye ncha za matawi. Yote miwili huzaa shinani na kwenye matawi manene. Vimaua vya mkakao ni vidogo mno, vimebandikwa kwenye gome kama vifungo, na mashua ikipita haraka utaona gome tu. Kaa safu ya mbele kabisa, ukiomba kwa upole wanaopanga abiria, ili uuone mti kabla haujafika ubavuni kwako.

Sehemu ya samaki ina matangi ya perege na kambale, pamoja na mamba wadogo wa Marekani. Watoto hukodolea mamba. Wewe tazama maji yanavyozungushwa na kutiwa hewa. Samaki wakisongamana, hewa ikikatika hawachukui muda mrefu kufa, kwa hiyo pampu ya akiba ni lazima, hata kwa tangi la uani.

Baada ya hapo panakuja pale ninapopapenda zaidi: mimea inayokua hewani. Mingine inaning'inia kwenye mtambo unaotembea, mizizi iko wazi, inapita kwenye ukungu wa maji yenye virutubisho. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya krimu, yenye vinyweleo vingi. Ikigeuka kahawia na kuteleza, imeanza kuoza, mara nyingi kwa maji kuwa ya moto mno au kukosa oksijeni. Njia hii hutumia maji kidogo sana lakini haina huruma: nozeli (kitundu kinachopuliza ukungu huo) ikiziba au umeme ukikatika, hakuna udongo wa kuhifadhi unyevu, na mchana wa joto mizizi hukauka upesi. Kwa sehemu ambazo umeme unakwenda na kurudi, nisingeshauri mtu aanzie hapa. Aanze na mchanga au makumbi ya nazi yaliyosagwa na kuoshwa chumvi.

Mnyanya uliotambazwa juu kwenye kichanja ndio unaopigwa picha kuliko vyote. Mmoja wa aina hiyo uliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kuzaa nyanya zaidi ya 32,000 ndani ya mwaka mmoja hivi, jumla kilo 522. Fanya hesabu: ni kama gramu 16 kwa tunda, yaani vinyanya vya kuuma mara moja. Rekodi ni ya kweli, lakini usirudi nyumbani ukitafuta mbegu ya kukupa masanduku ya nyanya za sokoni. Cha kuiga ni kichanja chenyewe. Matunda yananing'inia chini ya majani, hayagusi ardhi, hewa inapita, na mvunaji hainami.

Utaona pia maboga yenye umbo la kichwa cha Mickey. Tunda likiwa changa hufungiwa ndani ya kalibu ya plastiki inayoonyesha, nalo linajaa hadi kushika umbo. Ukiwahi kuona kalibu ambayo bado ina nafasi ndani, hiyo ndiyo inayoeleza kazi yote, kuliko boga lililokwisha kukamilika.

Nenda mchana. Vitalu vinategemea mwanga wa jua, na jioni vibao vya majina husomeka kwa shida. Zima flashi, maana kwenye vioo inarudi usoni. Kila safari chagua upande mmoja wa mfereji, kwa sababu macho hayatoshi kwa pande zote mbili.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya mwendo. Anayelima hasa alipie ziara ya miguu ya Behind the Seeds, ya kama saa moja ndani ya vitalu hivyohivyo, na aende na maswali yaliyoandikwa: wanapima pH ya maji (kiwango cha asidi) mara ngapi, wanabadilisha maji ya virutubisho lini, na ni wadudu rafiki gani wanaoachiwa humo dhidi ya wadudu waharibifu.