Tipu za masharubu: kama unaogopa spidi usinunue

Tipu hizi, yaani vile vipande vya kukatia chuma, nimezitumia miezi minne sasa kwenye leth yetu (mashine ya kukereza) hapa Mombasa, kazi zetu nyingi ni za meli na kuna vali za egzosti za Nimonic, aloi ya nikeli inayostahimili joto, ambazo ukizikereza na tipu ya kawaida ya kabaidi ya tangsteni utalia, unaenda mwendo wa mkato wa mita 30 hivi kwa dakika na bado tipu inaisha hujamaliza chai yako. Jamaa wa duka la vifaa akanambia jaribu hii ya duara, ya seramiki, nyeusi yenye ukijani kidogo, moja kama elfu nne na mia tano. Nikamwambia wee, seramiki si ndo sahani? Ikigongwa kwisha.

Kumbe ndani wametia masharubu ya silikoni kabaidi, karibu robo ya ujazo wote. Sharubu moja ni fuwele moja nyembamba, unene chini ya mikroni moja wakati unywele wako una kama 70, na kwa wembamba huo zile kasoro za ndani zinazoangusha chuma kikubwa hazipati pa kukaa. Mwaka 1956 Brenner kule Marekani alivuta sharubu la chuma likafika karibu kilo 1,300 kwa milimita moja ya mraba, chuma cha kawaida cha dukani kwenye 40 au 50 kishakatika! Ni kama kukandika nyumba, udongo mtupu unapasuka lakini ukitia nyasi unashika. Ufa ukifika kwenye sharubu inabidi ulizunguke au ulichomoe, na hapo nguvu yake inaishia.

Ya kwanza niliivunja mwenyewe. Niliiendesha polepole kama kabaidi, nadhani naihurumia, dakika mbili ikamegeka. Hii inataka mita 200 kwenda juu, lile joto ndo linalainisha Nimonic mbele ya tipu. Nilipopandisha 220 chembe zikatoka nyekundu kama makaa ya mshikaki, bosi akaja mbio akidhani tunachoma mashine. Sasa ile kazi ya kutoa unene iliyokuwa inakula siku nzima inaisha kabla ya adhuhuri, ila finishi bado narudi kwa kabaidi.

Shida zake zipo. Inachimbika mtaro pale kina cha mkato kinapoishia, kwa hivyo usirudie kina kilekile kila pasi. Leth ya kizee inayotikisika sahau. Chuma laini usiguse, silikoni kabaidi ikipata joto inaliwa na chuma, mwenzangu alijaribu kwenye shafti ikaisha kama sabuni. Na usiinoe kwenye grainda, haya masharubu yakiwa vumbi ni hatari kwa mapafu, wataalamu wa saratani wa WHO wameshayaweka kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani.

Nyota nne. Ya tano nawanyima wenye duka, mara ya kwanza waliniuzia mojamoja, sahii wanataka nibebe boksi zima.