Miaka minne na Clubcard: faida iko kwenye rafu, si kwenye pointi

Nilipohamia Uingereza, nilinunua chakula supamaketi ya Tesco karibu miezi mitatu bila kadi. Vile vibandiko vya njano kwenye rafu nilikuwa naviona, na bei mbili kwa kitu kilekile, nikajua ile ya chini ni ya wafanyakazi. Kumbe ni ya yeyote mwenye Clubcard, kadi ya wateja ya Tesco, na kadi hiyo haiuzwi, unajisajili tu kwenye simu.

Wengi husifia pointi. Pauni moja dukani ni pointi moja, na pointi 150 ndiyo vocha ya pauni 1.50, yaani peni moja kwa kila pauni. Mimi natumia kama pauni 50 kwa wiki, kwa hiyo mwaka mzima napata pauni 26. Si haba, lakini hazitoshi kumfungia mtu kwenye duka moja. Vocha ukiipeleka kwa washirika wao, mfano mgahawa wa Pizza Express, thamani yake inakuwa mara mbili (hadi Juni 2023 ilikuwa mara tatu). Mimi huzikusanya hadi Desemba nikanunulie nyama. Vocha zinadumu miaka miwili.

Nafuu yenyewe ni zile bei mbili, walizozianza 2019. Mwezi uliopita kwenye foleni mbele yangu alikuwa mama mmoja, anaongea Kiswahili cha Tanga kwenye simu. Keshia akamuuliza kadi, akatikisa kichwa.

"Shikamoo mama. Huna kadi yao?"

"Marahaba mwanangu. Kadi gani tena, mimi nalipa taslimu."

Nikamwomba keshia askani ya kwangu. Jumla ilikuwa pauni 34 na ushee. Tukaangalia skrini, kuku, mafuta, sabuni ya kufulia, kimoja kimoja kikishuka, ikasimama kwenye 28. Mama akaishika ile risiti kwa mikono miwili, akaisoma yote pale pale mlangoni.

Nilikuwa na wasiwasi kwamba bei ya kawaida inapandishwa kwanza ili punguzo lionekane kubwa. Mamlaka ya ushindani ya huku, CMA, ilikagua bidhaa kama 50,000 za bei za kadi kwenye supamaketi kadhaa, na Novemba 2024 ikatoa jibu: asilimia 92 zilikuwa nafuu kweli kuliko bei yake ya kawaida. Hapo roho yangu ilitulia. Ila walisema pia kwamba bei ya kadi si lazima iwe ya chini kuliko maduka mengine, na hilo nimeliona mwenyewe. Supamaketi ya Aldi hawana kadi kabisa, na mara nyingi maziwa na mayai yao yako sawa au chini. Mchele wa gunia na unga wa sembe bado nachukua duka la Wasomali.

Kwa hiyo naandika orodha nyumbani kabla sijaona kibandiko chochote. Nikifika rafuni nasoma yale maandishi madogo ya bei kwa kilo, maana pakiti kubwa yenye njano wakati mwingine inazidiwa na ndogo isiyo nayo.

Kama ndiyo umefika, jisajili wiki ya kwanza, na kadi uiweke kwenye pochi ya simu kabla ya kutoka nyumbani. Mtandao ndani ya duka ukigoma, programu haifunguki, na bei utakayolipa ni ile ya juu.