Sumaku ya ubongo kwa mgonjwa wa kusahau: uzoefu wangu na mavyaa, Roma

Haya, kwa vile kila nikipiga simu nyumbani Malindi naulizwa "ile mashine ya sumaku ya mamake mumeo imemponyesha?" (yaani TMS, mashine inayopiga ubongo kwa mapigo ya sumaku kutoka nje ya kichwa), wacha niandike yote mara moja. Jibu fupi ni la, haijamponyesha. Jibu refu ndo hili.

Mavyaa wangu ni Mtaliano, tunaishi naye hapa Roma, na alianza kusahau kitambo, mara kaacha gesi wazi mara kaniuliza mimi ni binti wa nani. Daktari akampa maswali yale ya alama 30 akapata ishirini na kitu, MRI ikafanywa, kisha wakataka kujua ni Alzheimer au ni ule ugonjwa mwingine unaoanza mbele ya ubongo na kuharibu tabia, maana alikuwa pia amekuwa mkali ajabu. Hapo ndo sumaku ilipoingia mara ya kwanza, kwenye kupima.

Kipimo chenyewe hakitishi. Wanashika koili, kile kipande cha mashine kinachotoa sumaku, juu ya kichwa, inapiga tak!, kidole gumba cha mkono wa upande wa pili kinaruka chenyewe (mavyaa alicheka hapo, alidhani mimi ndo nimemvuta). Halafu wanarudia lakini wanatanguliza kishoti kidogo cha umeme kwenye kifundo cha mkono, kama milisekunde 20 kabla ya sumaku. Kwa mtu mzima wa afya kile kishoti kinapunguza nguvu ya kidole kuruka, kwa wengi wenye Alzheimer hakipunguzi sana, kwa sababu njia hiyo inategemea asetilikolini, kemikali ya ubongo ya kupitisha ujumbe, na ndo hiyo inayowapungukia. Wa ule ugonjwa wa mbele, kishoti bado kinafanya kazi ila wanafeli vipimo vingine vya mapigo mawili ya sumaku yanayofuatana. Cha mavyaa kilielekea Alzheimer, na maji ya uti wa mgongo yakasema hivyohivyo. Kwa upande huu nawapa maksi zote, hakuna sindano wala maumivu, ila msikubali mtu awaambie kipimo hiki peke yake kinatosha.

Sasa matibabu. Hapa Roma kuna kundi la daktari Giacomo Koch, 2022 walitoa utafiti wa wagonjwa 50, nusu walipigwa sumaku ya kweli nusu ya kuigiza, wiki 24. Wale wa kweli kwa wastani walibaki karibu palepale, wale wengine wakashuka. Sisi hatukuwa kwenye utafiti, tulienda kliniki ya kulipia inayofuata mpango uleule: wiki mbili za mwanzo siku tano kwa wiki, baadaye mara moja kwa wiki. Wanalenga prekuniasi, iko katikati ya kichwa nyuma ya utosi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu na ambayo Alzheimer huishambulia mapema. Kamera inafuata kichwa ikilinganisha na picha ya MRI yake ili wasikosee mahali.

Kikao ni kama dakika 20. Sekunde 2 mashine inapiga tatatata mapigo 20 kwa sekunde, kisha kimya sekunde 28, kisha tena, mara 40. Unavalishwa vizibo vya masikio, na yeye ilibidi avue kifaa chake cha kusikia, kwa hiyo hasikii tukimtuliza ndo nikawa namshika mkono tu. Ngozi ya kichwa inadunda, siku za mwanzo aliumwa kichwa, panadol ikatosha. Mwenye chuma kichwani, kifaa cha moyo au historia ya kifafa aseme mapema kabisa, si utani.

Matokeo? Alama zake hazijashuka tangu tuanze, kahawa bado anaipika kwenye moka, lile birika la Kitaliano, bila kusaidiwa, jina langu analipata siku nyingi. Mume wangu anasema ni sumaku. Mimi nasema pia anameza donepezili, dawa ya Alzheimer, na anatoka nyumbani kila wiki kuonana na watu wanaomchangamkia, sasa kwa mtu mmoja utajuaje kipi kimefanya nini? Ndo maana wale watafiti walihitaji mashine ya kuigiza.

Kilichoniudhi ni mhudumu wa mapokezi wa kliniki hiyo kutuambia "atarudi kama zamani". Uongo mtupu. Kilichoonekana Roma ni kushikilia, si kurudisha, na kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa si waliofika mbali. Mashine yenyewe si ngeni, Anthony Barker na wenzake waliionyesha Sheffield 1985 na Marekani imeruhusiwa kwa sonona tangu 2008, lakini 2019 mashine moja ya Israeli ya Alzheimer ilipelekwa FDA, shirika la Marekani linaloruhusu dawa na vifaa vya tiba, na jopo lake la washauri likaona faida yake haijathibitika. Ulizeni wanalenga wapi, wanatumia MRI ya mgonjwa au wanakisia, na nani daktari wa neva anayesimamia. Na bei muipate kwa maandishi, maana hapa bima haikulipa hata senti.

Nyota tatu na nusu. Tumekubaliana tuendelee hadi mtihani ujao wa maswali, alama zikishuka tunasimama, yaani mimi nimekubali, mume wangu kila nikilitaja hilo la kusimama anatafuta funguo za gari.