Kioo cha umbo la dimbwi, na lile neno la mwenye duka

Upana na bei mtauliza wenyewe dukani. Mimi nina uchungu wa neno moja.

Vioo hivi visivyo na fremu, vilivyokatwa kama dimbwi la maji barabarani, nilivipenda siku ile ile nilipoviona. Nyumba yetu hapa Goma iko Birere, juu ya lava iliyomwagwa na volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, na kuta zake ni mawe hayo hayo. Sebuleni ni giza hata saa sita mchana. Nikatoa kabati, nikatoa maua ya plastiki, nikabakiza viti na kioo tu. Kijana wa duka akaja na gundi yake, akapaka, akabandika, akaenda. Nyumba nzima ilinuka siki. Sikujua maana yake.

Haikupita miezi mingi, madoa meusi yakatokea pale pale alipopaka gundi. Matano, kila moja kama kifungo cha shati. Fundi wa vioo mtaani akanieleza: gundi inayonuka siki ina asidi, inakula ule utando wa madini ya fedha mgongoni mwa kioo. Halafu ukuta wa mawe haujanyooka, kioo ni chembamba, kimevutwa kikapinda. Ndiyo maana nikisogea shavu la kushoto linavimba.

Nikarudi dukani na picha kwenye simu. Nikasalimia vizuri, nikaeleza polepole. Mwenye duka hakuinua hata macho. "Mama, kioo kinaonyesha kilicho mbele yake." Mbele ya wateja! Mtu ambaye ningeweza kumzaa! Dola zake nilimpa zote, sikumwomba apunguze hata faranga moja.

Nilikaa niandike: msinunue, kamwe. Lakini juzi asubuhi jua likaingia dirishani, likapiga kioo, ukuta wa pili wote ukawaka. Kitinda mimba wangu akafanya kazi zake za shule pale bila taa. Miaka yote nilidhani mawe yetu ni meusi matupu, kumbe yana kijivu, na mengine yana wekundu kama kutu.

Basi nunueni, ni kizuri kweli. Pigeni plasta kwanza, na gundi mtafute wenyewe, isiyonuka siki. Ila kwa yule msiende. Pesa akae nazo. Mimi nataka aniombe msamaha, na aniombe mbele ya wateja.