Kongosho bichi au unga wa vimeng'enya?

Mbwa anakula kwa pupa lakini anazidi kukonda, na kinyesi chake ni laini, kimepauka, kina mafuta: huenda kongosho lake halitoi vya kutosha vimeng'enya, vile vinavyomeng'enya chakula tumboni. Daktari wa mifugo atathibitisha kwa kipimo cha damu; ikiwa ndivyo, mbwa huongezewa vimeng'enya katika chakula, kwa unga au kwa kongosho bichi la mnyama mwingine.

Unga una kipimo maalumu na hukaa kabatini. Ila ni ghali, na kwa kawaida hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Kwa nyumba nyingi za Unguja hilo si jambo dogo.

Kongosho la ng'ombe muagize muuza nyama wa Darajani mapema. Lisage, ligandishe kwa mafungu, ulichanganye na chakula likiwa bichi; ukilipika, limekwisha kazi. Mie ningeanza na hili, mradi nyama imekaguliwa. Vyovyote iwavyo, ni kila mlo, maisha yote, na vitamini B12 ikipungua atachomwa sindano.